Binti yangu anataka kusoma Historia; je, atakula nini?

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwongozo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ijumaa moja hivi karibuni, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao baada ya swala, alinijia mzee mmoja anayeuza vitenge Kariakoo. Mkononi alikuwa na karatasi aliyochapishiwa kwenye duka la stesheneri, yenye majina ya kozi ambazo bintiye ameomba kusoma chuo kikuu.

“Ustadh,” akaniambia baada ya salamu, “binti yangu amemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL na Mwenyezi Mungu amemjaalia kufaulu. Mimi nilitaraji achague Sheria au Uhasibu. Yeye ameweka Historia juu kabisa. Sikusoma sana, lakini hesabu naijua. Mkopo wa serikali ataulipa, miaka mitatu itakwisha, kisha atarudi nyumbani na habari za wafalme waliokwisha kufa. Je, nikimkatalia nitakuwa nimemdhulumu?”

Sikumjibu pale pale. Nilimwomba anipe wiki mbili, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa riziki ya mtoto, haki ya mzazi na mustakabali wa umma. Makala haya ndiyo jibu nililomwahidi. Nimeona niliandike hapa kwa sababu kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, majumba mengi ya Waislamu huingia katika mjadala huu huu.

Kuuliza riziki si aibu

Wapo ndugu zetu wanaoona kwamba anayeuliza faida ya fedha katika elimu ameishusha elimu hadhi. Hilo si sahihi. Imepokewa kwamba Mtume (SAW), baada ya Swala ya Alfajiri, alikuwa akimwomba Mola wake elimu yenye manufaa, riziki njema na amali yenye kukubaliwa. Tazama jinsi elimu na riziki zilivyokaa katika dua moja. Aidha, Sa‘d bin Abi Waqqas (RA) alipougua Makka akataka kuusia mali yake nyingi kwa ajili ya sadaka, Mtume (SAW) alimkubalia thuluthi tu, tena akamwambia kuwa hiyo thuluthi nayo ni nyingi, akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wake wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyooshea watu mikono. Basi mzee wetu wa Kariakoo hakukosea kuuliza.

Lakini wapo pia wanaosema kuwa elimu isiyoleta fedha haraka haina maana. Nao wamekosea. Sehemu kubwa ya Qur’ani Tukufu ni habari za waliotutangulia. Mwenyezi Mungu ametubainishia mwishoni mwa Suratu Yusuf, aya ya 111, kuwa katika visa vya Mitume mna mazingatio kwa wenye akili. Katika Suratu Aal Imran, aya ya 137, ameamrisha watu watembee katika ardhi watazame ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha. Elimu ambayo Mola ameifanya kuwa njia ya kuwafundisha waja Wake haiwezi kuwa upuuzi.

Kwa hiyo suala lililobaki ni hili: je, elimu hii ina thamani gani ya fedha, kwa nani, na kwa njia ipi?

Hati ya deni na mwanzo wa tarehe

Wengi wetu hatujui kwamba neno letu la Kiswahili “tarehe” ndilo neno lile lile la Kiarabu “tarikh”, ambalo maana yake nyingine ni historia. Kuhusishwa kwake na fedha ni jambo la zamani mno.

Wanahistoria wa Kiislamu wamepokea kwamba katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (RA) iliwasilishwa mbele yake hati ya mtu anayemdai mwenzake. Ilikuwa imeandikwa kuwa malipo ni mwezi wa Shaaban. Sayyidna Umar akauliza: Shaaban ipi? Ni hii tuliyomo, iliyopita au ile ijayo? Mwandishi wa hati alikuwa ameandika mwezi akaacha mwaka, na watu wawili walikuwa karibu kugombana kwa sababu hiyo. Khalifa akawakusanya masahaba kushauriana. Baadhi walipendekeza hesabu ya miaka ya Warumi, wengine ya Waajemi. Mwisho walikubaliana kuhesabu tangu kuhama kwa Mtume (SAW) kutoka Makka kwenda Madina. Hayo yalikuwa katika mwaka wa 16 au wa 17 tangu Hijra, kwa mujibu wa riwaya mashuhuri.

Kwa hiyo kalenda tunayofungia Ramadhani na kuhijia, katika riwaya hii, imetokana na hati ya deni isiyokuwa na mwaka. Nayo aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya deni, inayotuamrisha kuandika, kutaja muda na kuweka mashahidi. Kuandika kwa usahihi, kutaja wakati na kupima ushahidi: hizo ndizo kazi tatu ambazo mwanafunzi wa Historia hufundishwa kila siku.

Hati ya Khaybar

Mfano wa pili ulitokea Baghdad mwaka 447 Hijria. Baadhi ya Mayahudi walitoa hati iliyodaiwa kuwa ya Mtume (SAW) mwenyewe, ikiwasamehe watu wa Khaybar kulipa jizya, na ikiwa na majina ya masahaba kama mashahidi. Jambo lilikuwa zito. Hati ikiwa ya kweli, haiwezekani kuipinga amri ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ikiwa ya uongo, hazina ya dola itapoteza mapato kwa miaka yote ijayo.

Waziri wa Khalifa, Ibn al-Muslima, akampelekea hati hiyo al-Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni wa Hadithi aliyeandika historia kubwa ya mji wa Baghdad. Akaitazama, kisha akasema kuwa ni ya kughushi. Alipoulizwa amejuaje, hakutaja wino wala karatasi. Alisema: ndani yake mna ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, yaani mwaka wa 8, ilhali Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7. Tena mna ushahidi wa Sa‘d bin Muadh, naye alikwisha kufariki mwaka wa 5 baada ya vita vya Handaki. Vipi maiti atashuhudia mkataba ulioandikwa miaka miwili baada ya kifo chake?

Ndugu msomaji, kwa tarehe tatu tu shauri lilikwisha. Mtu aliyezihifadhi tarehe hizo angeweza kuonekana machoni pa wafanyabiashara wa Baghdad kuwa ni mtu aliyepoteza umri wake katika habari za wafu. Siku ile alikuwa ameokoa mali ya umma.

Aliyeuza mikono ya kanzu

Hata hivyo, amana ya elimu inatutaka tuseme na upande wa pili. Faida kwa umma ni jambo moja, na shibe ya mwenye elimu ni jambo jingine.

Imam Muhammad bin Jarir at-Tabari, aliyezaliwa mwaka 224 Hijria na kufariki mwaka 310, ndiye aliyetuachia Tarikh ar-Rusul wal-Muluk, historia ya Mitume na wafalme, ambayo kila aliyeandika baada yake ameitegemea. Je, aliishi kwa kuuza vitabu vya historia? Hapana. Aliishi kwa mapato ya shamba la baba yake huko Tabaristan. Imepokewa kuwa siku moja, akiwa mwanafunzi ugenini, fedha kutoka nyumbani zilichelewa, ikambidi akate mikono ya kanzu yake aiuze apate chakula. Baadaye alipata kazi ya kumfundisha mtoto wa waziri kwa dinari 10 kwa mwezi. Na alipopewa wadhifa wa ukadhi uzeeni, aliukataa.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba hata imamu wa wanahistoria alihitaji tegemeo lingine la maisha, yaani shamba na ualimu. La pili, kwamba hakuona haya kufundisha mtoto wa mtu kwa ujira. Kijana wa leo anayesema “mimi nimesoma chuo kikuu, siwezi kufundisha twisheni” na asome maisha ya Tabari.

Ibn Khaldun na madaftari ya mishahara

Mtu aliyelizungumza suala la mzee wetu waziwazi ni Abdul Rahman Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377 akiwa katika ngome ya Ibn Salama huko Algeria ya leo, ameweka sehemu nzima kueleza kwa nini makadhi, mamufti, waalimu, maimamu, makhatibu na waadhini kwa kawaida huwa hawatajiriki.

Sababu aliyoitoa ni ya kiuchumi hasa. Kipato, kwa maoni yake, ni thamani ya kazi ya mwanadamu, na thamani ya kazi hupanda kwa kadiri watu wanavyoihitaji. Mwokaji mikate anahitajiwa kila asubuhi. Kadhi na mwalimu huhitajiwa na watu wachache kwa nyakati maalumu, na mtu wa kawaida anaweza kukaa miezi bila ya kuwatafuta. Akaongeza kuwa wenye elimu hizo, kwa kuiheshimu bidhaa yao, hawapendi kujidhalilisha kwa wakubwa ili wapate fadhila.

Kisha akasimulia kisa kidogo kinachostahili kutiwa maanani. Alijadiliana na mtu mmoja mwema ambaye hakukubaliana naye. Baadaye yakamwangukia Ibn Khaldun mikononi mwake makaratasi yaliyochanika ya madaftari ya hesabu ya kasri ya Khalifa al-Ma’mun, yenye mapato na matumizi ya zama zile. Humo akaona mishahara ya makadhi, maimamu na waadhini. Akamwonesha yule bwana, naye akakiri kuwa ameshindwa.

Al-Ma’mun alifariki mwaka 833. Zaidi ya miaka 500 baadaye, hoja juu ya mishahara ilimalizwa kwa kutazama waraka wa zamani wa mishahara. Ibn Khaldun hakushinda kwa ufasaha wa ulimi, ameshinda kwa ushahidi. Yeye ndiye pia aliyetahadharisha kwamba waandishi wa habari hukosea zaidi wanapotaja idadi ya askari na kiasi cha fedha, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopenda kutia chumvi, na kwamba kila tarakimu lazima ipimwe kwa mizani ya akili na hali ya mambo. Leo mkaguzi wa hesabu, mwandishi wa habari za uchunguzi, wakili na ofisa wa benki anayechambua maombi ya mkopo wote wanalipwa kwa ujuzi huo huo.

Hesabu za mzazi wa leo

Sasa tushuke kwenye hesabu za nyumbani kwetu. Mzee wa Kariakoo alisema hesabu anaijua, basi tuzipige pamoja.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi; awali ilikuwa asilimia 8. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia Waislamu wengi wasiwasi wa riba, ilitangazwa kufutwa mwaka 2021, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa wepesi huo.

Tuchukulie binti amekopa jumla ya shilingi 9,000,000 kwa miaka mitatu, zikiwemo ada na zile fedha za kujikimu ambazo wanafunzi huziita “bumu”. Tuchukulie amepata kazi yenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Asilimia 15 ni shilingi 105,000 kila mwezi. Ukigawa, deni litachukua miezi 86, yaani miaka saba na ziada, mshahara usipopanda. Na asipopata kazi, deni halitoweki. Mtume (SAW) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na mzigo wa deni, hivyo Muislamu halichukulii jambo hili kwa wepesi.

Deni hili halichagui kozi. Aliyesoma Uhasibu na aliyesoma Historia hukatwa asilimia ile ile. Kinachotofautiana ni upana wa mlango wa ajira, na hapa lazima tuwe wakweli. Kwa miaka mingi kimbilio la mhitimu wa Historia limekuwa ualimu wa sekondari, na kwa miaka mingi serikali imesema kuwa upungufu mkubwa uko kwa waalimu wa sayansi na hisabati. Waalimu wa masomo ya sanaa wamehitimu wengi kuliko nafasi. Yumo mtaani kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda, na mzee wetu anamwona kila siku.

Kipo hata hivyo kilichobadilika. Mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023 imeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Somo la lazima linahitaji waalimu katika kila shule, vitabu, waandishi na wahariri.

Wala tusidhani kuwa tatizo hili ni letu peke yetu. Huko Uingereza, taasisi ya utafiti wa masuala ya fedha iitwayo Institute for Fiscal Studies ilitoa ripoti mwaka 2020 kuhusu kipato cha maisha cha wahitimu. Iligundua kuwa kwa wastani shahada huongeza kipato, lakini mhitimu mmoja katika kila watano angekuwa na hali nzuri zaidi kifedha kama asingekwenda chuo kikuu kabisa. Tofauti ilitokana na somo, chuo na mtu mwenyewe. Kwa maneno mengine, neno “shahada” peke yake halitoshi kumtuliza mzazi, liwe limefuatwa na Historia au na jambo jingine.

Ushahidi uliovuka bahari

Kabla mzazi hajakata tamaa, na atazame jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2009 wazee waliopigwa na kuteswa katika kambi za vizuizi wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950 walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Walikuwa na makovu, lakini mahakama inataka zaidi ya makovu. Inataka kujua nani aliamuru, lini, na kwa waraka gani.

Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi wa kitaalamu. Anderson na Elkins walikuwa wamechapisha vitabu vyao mwaka 2005, baada ya miaka ya kufukua nyaraka na kuwasikiliza wazee vijijini. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kuwa ilikuwa imehifadhi nyaraka za makoloni ya zamani mahali paitwapo Hanslope Park, yakiwemo masanduku takriban 300 yanayohusu Kenya. Juni 2013 ikatangazwa suluhu: pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228.

Fedha zile hazikuingia mifukoni mwa wanahistoria, na zilikuwa kidogo mno mbele ya dhulma iliyofanywa. Lakini bila ya watu waliosomea kazi ya kutafuta, kusoma na kulinganisha nyaraka, kesi ile ingekuwa dhaifu sana, na wazee wale wangekufa wakiitwa waongo.

Nasi hapa tunayo kumbukumbu kama hiyo. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wazee walioshuhudia walikuwa bado hai. Leo hayupo hata mmoja. Kilichobaki ni daftari za wale wanafunzi wa Historia, ambao pengine wazazi wao nao walijiuliza watoto watakula nini.

Shahada peke yake haitoshi

Basi binti afanye nini ili elimu yake imlishe? Nilipowauliza waliotangulia katika fani hii, na nilipotazama mahitaji yalivyo, nimepata mambo matatu.

La kwanza, aiambatanishe Historia na ujuzi wenye soko. Wapo wanaosoma Historia pamoja na Ualimu na somo la pili kama Kiswahili au Jiografia. Wapo wanaoendelea na utunzaji wa kumbukumbu, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazitaka ofisi za umma zitunze nyaraka zao kwa utaratibu. Wapo wanaokwenda kwenye sheria, uandishi wa habari, makumbusho na utalii. Mwaka 2023 nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8. Wengi huja kwa ajili ya wanyama, lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na magofu ya Kilwa, yaliyomo tangu mwaka 1981, hayana simba wala tembo. Kinachouzwa pale ni historia. Mwongozaji anayeweza kueleza namna Ibn Battuta alivyofika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani mkarimu, mbele ya msikiti ambao kuta zake zingali zimesimama, hawi sawa na yule anayesema tu kuwa “hili ni jengo la kale”.

La pili, na hili linawahusu hasa watoto wa madrasa: asidharau alichokipata chuoni kwa mwalimu wake wa Qur’ani. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, zina maandishi mengi ya Kiarabu, na pwani nzima ina barua, hati za mauziano na wasia zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wapo maprofesa wanaotoka mbali na kutumia miaka kujifunza herufi ambazo binti wa Kariakoo alizijua akiwa na umri wa miaka saba. Akiongeza na Kijerumani, mlango wa mafaili ya utawala wa Wajerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam utamfungukia, nao wanaoweza kuyasoma ni wachache. Ibn Khaldun ametwambia kuwa bei hufuata uhitaji. Ujuzi walionao wachache na unaotafutwa na wengi haulali njaa.

La tatu, asome kwa bidii ya kweli. Mhitimu wa Historia asiyejua kuandika ukurasa mmoja ulionyooka, wala kutofautisha habari ya kusikia na habari yenye ushahidi, amebeba cheti mkononi na deni mgongoni.

Ngano ya Fayyum

Limebaki neno kwa jamii. Tunalalamika mara kwa mara kwamba historia ya Waislamu wa nchi hii haikuandikwa ipasavyo, na kwamba michango ya wazee wetu katika kupigania uhuru imesahauliwa. Malalamiko hayo yanazungumzwa misikitini na barazani. Lakini kijana wetu akisema anataka kuisomea kazi hiyo, tunamuuliza atakula nini, kisha tunamwacha ajibu peke yake.

Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeifasiri Qur’ani Tukufu kwa Kiswahili, ndiye aliyetuandikia pia habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, katika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Aliweza kwa sababu alikuwa na riziki ya ualimu na ukadhi. Tujiulize wangapi wangeandika kama wangepata tegemeo.

Wazee wetu wa zamani walikuwa na jibu. Ibn Khaldun alipofika Misri, mwaka 1384 alipewa kazi ya kufundisha katika madrasa iitwayo al-Qamhiyya, iliyojengwa na Salahuddin al-Ayyubi. Jina hilo linatokana na neno “qamh”, yaani ngano, kwa sababu madrasa ile iliwekewa wakfu wa mashamba huko Fayyum, na ngano yake ikagawiwa waalimu na wanafunzi. Mtu yule yule aliyeandika kuwa waalimu hawatajiriki alikula ngano ya wakfu, akaendelea kukiongezea kitabu chake hadi mwisho wa uhai wake.

Sisi tunazo misikiti yenye maduka na nyumba za wakfu. Ni mingapi inayotenga hata fungu dogo kwa mwanafunzi mmoja? Tena manufaa yangeturudia wenyewe. Inapotokea kiwanja cha msikiti kinadaiwa na mtu, mara nyingi tunabaki na masimulizi ya “wazee walisema”, na hatuna mtu wa kwenda kufukua hati, kuisoma, kuilinganisha na kuipeleka mahakamani. Kiwanja kimoja kinachookolewa kina thamani kuliko ada ya wanafunzi wengi. Al-Khatib al-Baghdadi angetusaidia, lakini hatumlei.

Jibu kwa mzee wetu

Wiki mbili zilipotimia tulikutana tena pale pale msikitini. Safari hii alikuja na binti mwenyewe, amekaa upande wa wanawake na kutoka mlangoni baada ya swala. Nilimweleza mzee kwa muhtasari haya niliyoyaandika. Nilimwambia: “Mzee wangu, kumkatalia moja kwa moja sikushauri, na kumwachia bila ya mpango pia sikushauri. Mwulize mambo mawili. Ataiambatanisha Historia na kitu gani? Na siku ya kuanza kukatwa asilimia 15, atakuwa amesimama wapi?”

Mzee akamgeukia bintiye. Binti, kwa adabu na macho chini, akasema: “Baba, nimeuliza. Nitasoma Historia na Kiswahili pamoja na Ualimu. Na Kiarabu nitaendelea nacho kwa Maalim, kwa sababu nataka nije kuzisoma zile hati za babu zilizomo sandukuni, ambazo hakuna nyumbani anayejua zinasema nini.”

Mzee akanyamaza kidogo. Hati zile ni za shamba la minazi la ukoo wao huko pwani ya kusini, ambalo limekuwa na mzozo tangu babu alipofariki. Hakusema amekubali. Alisema tu, “Basi kesho tulifungue hilo sanduku, tuone.”

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, awaepushe na deni wasiloliweza, na atujaalie sisi wazazi hekima ya kuwashauri bila ya kuwavunja moyo.

Wabillahi tawfiq.